Mama Swalehe Amepumzika

Karibu ukae. Mkeka upo, kivuli cha mpichesi kipo, na kama hujali mikono kunata, mapichesi yenyewe yapo. Mimi ni muuza vitenge wa hapa Mbeya mjini, mdomo wangu haujazoea kufungwa, na nilishaapa kwamba nikitoka salama kwenye saratani ya titi nitaisimulia mpaka watu wanikimbie. Nimetoka! Kwa hiyo wewe uliyeambiwa juzi jina la ugonjwa wako, ukatoka chumba cha daktari hukumbuki hata mlango ulikuwa upande gani, wewe ndiye ninayekutafuta. Mambo ya dawa kamuulize daktari, ndiyo kazi yake. Mimi nitakusimulia Jumapili moja nilipopumzika bustanini kwangu, watu wakaja kunizika.

Ndiyo, umesikia sawasawa. Lakini ngoja kwanza nianzie kwenye mvua.

Uvimbe niliushika nikioga, mvua zimekolea, wakati ule matope ya huku kwetu yanavua watu viatu. Nilimwambia mume wangu, Baba Swalehe. Huyu bwana maneno yake huyatoa kwa kijiko cha chai, tena kijiko chenyewe hakijai. Aliingia ndani, akarudi na koti langu. "Twende," akasema. Basi. Tumeishi pamoja mpaka mtoto wetu Swalehe ni mtu mzima yuko Dar es Salaam, na sijapata kuambiwa neno tamu kuliko hilo.

Wa pili kumwambia alikuwa mdogo wangu Mwanaidi, anayeishi Ubaruku na mashine yake ya kukoboa mpunga. Tumezaliwa wawili tu. Mama yetu alikufa kwa ugonjwa huuhuu. Aliuficha mpaka nguo zikashindwa kuuficha, akafika hospitali amechelewa, akapasuliwa, hakurudi nyumbani. Mwanaidi ndiye aliyemuuguza, na kichwani mwake aliyemuua mama ni kisu. Nilipompigia alikuja mbiombio, tayari amenitafutia mganga wa mizizi, tayari ameshapanga nani atanisindikiza. Nikamwambia nimeshakubali kupasuliwa. Alisimama pale mlangoni, viatu mkononi.

"Dada Zuhura, ukikubali wakukate, mimi huku sirudi. Nitakuja siku ya kukuzika."

Akaondoka peku. Viatu alivivaa barabarani.

Watu huniuliza kipi kiliniuma zaidi, upasuaji au dripu za dawa ya saratani. Wala! Kilichoniuma ni ule mlango. Nilitaka kupona, nani hataki, lakini nilitaka kupona mdogo wangu akiwepo. Kila nilipotolewa chumba cha dawa nilikuwa natupa jicho kwenye benchi, nimtafute. Nilimkuta Baba Swalehe, na kikapu, na chupa ya uji. Mwanaidi hakuwepo. Simu zangu hakupokea hata moja.

Lile benchi nalo nikuambie, maana utalikalia. Utafika asubuhi ukidhani utatoka mapema. Hutatoka mapema. Beba blanketi, beba kitu cha kutafuna, na usiogope kuongea na jirani yako, kwa sababu pale hakuna mgeni wala mwenyeji. Mimi nilikaa na mama mmoja kutoka Kyela aliyekuwa amenitangulia kwa dripu mbili. Aliniona nimekunja uso, mdomoni nasikia ladha ya msumari, akatoa ndimu kwenye pindo la kanga, akaikata kwa meno, akanipa nusu. "Lamba, usimeze," akaniambia. Nililamba nikalia. Sikulia kwa uchungu wa ndimu. Nililia kwa vile alivyoigawa, kana kwamba tumekua nyumba moja.

Nywele zilininyonyoka kipupwe, na wewe unaijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba? Ile baridi inayokufuata mpaka chini ya blanketi, sasa ikukute na kichwa kitupu! Nilivaa kofia mbili za sufu na mtandio juu yake, nikawa nafanana na mzigo wa mitumba. Zilikatika kwa mafungu, kwenye mto, kwenye chanuo, kwenye bakuli la supu. Marehemu mama alitufundisha kwamba nywele na kucha hazitupwi ovyo, zinafukiwa ardhini. Tulipokuwa wadogo mimi nilikuwa msusi, Mwanaidi alikuwa mfukiaji. Alichimba kishimo chake nyuma ya jiko, akaziweka, akakanyagia kwa kisigino kwa fujo kweli, huku anaimba. Sasa zangu nilizikusanya kwenye kopo la maziwa ya unga. Baba Swalehe akaniomba mara mbili tatu akazifukie.

"Ziache," nikamwambia. "Mimi sizikwi nusunusu."

Hakuuliza tena. Kopo likakaa juu ya kabati.

Nyumbani tuligombana, nisikudanganye. Harufu ya kitunguu ilikuwa inanitoa mbio, na mwanaume wa watu ndiye mpishi. Akapeleka jiko la mkaa nje, akawa anapikia kwenye baridi, kofia imemshuka mpaka machoni. Akiniletea ugali naona kama ananilisha udongo, namfokea. Akikaa kimya namfokea kwa nini amekaa kimya. Kucha zangu zilikuwa nyeusi, vidole vya miguu vimekufa ganzi, upande mmoja wa kifua tambarare kama meza. Siku moja nikamwambia aoe mwingine mwenye vitu vyake kamili. Alinitazama, akasema, "Uji unapoa." Nikacheka mpaka mshono ukaniuma.

Aliyekuwa anatupoza wote ni jirani yetu, Mama Atu, Mnyakyusa, mwimba kwaya wa kanisani kwao. Mwili wake mkubwa, sauti kubwa, sufuria zake kubwa. Alikuja na ndizi, alikuja na maziwa, na akija haongei habari za ugonjwa hata kidogo, anasengenya watu wa sokoni tu. Mgonjwa anahitaji umbea, jamani. Msimuonee haya, mleteeni umbea wa kutosha.

Dripu ya mwisho niliipata mijakaranda imechanua, barabara zimejaa maua ya zambarau. Halafu nikarudi kupimwa, nikangojea majibu kwenye benchi lilelile. Daktari akaniambia nimeitikia dawa vizuri mno, nitakuwa narudi kuangaliwa, na kwa sasa, akasema, "Mama, pumzika. Nasema pumzika kabisa." Kushika neno la daktari Baba Swalehe ni kama askari wa zamu. Jumapili iliyofuata alfajiri akafungia ufunguo wa duka sandukuni.

"Leo huinuki," akasema.

Basi nikatoka nyuma ya nyumba na mto wangu, na hapo ndipo nilipoiona bustani. Miezi yote ile nilikuwa naipita kuelekea chooni, kichwa chini, sikuiona. Kumbe huyu mtu alikuwa analima! Jua la kiangazi limetulia, anga halina hata wingu, na nyanya zimejipanga zimewiva, na figiri, na matango, na mkarakara umepanda ukuta mzima mpaka kwa Mama Atu. Waridi langu la rangi ya machungwa nililodhani limekufa lilikuwa na maua matano. Nyuki wanaimba. Ametandika mkeka chini ya mpichesi, ameweka chai ya tangawizi, na mwenyewe anamwagilia na keni, hatazami nyuma, anaona haya.

"Baba Swalehe, hivi vyote lini?"

"Ulipokuwa umelala."

Nikajilaza. Pichesi likaanguka lenyewe karibu na sikio langu. Nikaliokota, nikalifuta kwenye kitenge, nikaling'ata kwa mazoea tu, maana kwa muda mrefu kila kitu kilikuwa msumari.

We! Tamu!

Sikuamini. Nikang'ata tena. Tamu, halafu na ule ukakasi wa ganda, halafu maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga kelele, "Baba Swalehe! Tamu! Ni tamu!" Alidondosha keni akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. Nikamtia pichesi mdomoni. Akatafuna, akafikiri, macho yakamjaa maji. "Tamu," akasema. Tukakaa pale tunakula kama watoto walioruka ukuta wa watu. Nikajaribu nyanya, nikajaribu jani la figiri bichi, nikalamba hata chumvi. Kila kimoja na jina lake! Ningeweza kucheza ngoma.

Simu ya Baba Swalehe ikawa inalia. Watu wa sokoni na wa msikitini walikuwa wanauliza kama wanaweza kuja kunijulia hali, kwa sababu ni Jumapili. Nikamwona ameinamia simu, anaandika kwa kidole kimoja kwenye kundi lao la WhatsApp, lenye majirani pia.

"Unawaambia nini?"

"Wasije. Wakuache."

Akaiweka simu dirishani, akarudi kwenye nyanya zake. Mimi nikasinzia, mbegu ya pichesi mkononi.

Kilichoniamsha ni kilio. Kilianzia upande wa pili wa ukuta, kikazunguka nyumba, kikaingia kwa mlango wa nyuma, na mbele yake Mama Atu mwenyewe, kanga amejifunga kiunoni, sinia la unga kichwani, machozi mpaka shingoni. "Yoo, jirani yangu! Yoo, umeniacha na nani!" Akafika kwenye mkeka. Akaniona. Mimi nikamwona. Sinia likateleza, unga ukamwagika wote juu ya matango.

"We Kyala!" akamwita Mungu kwa Kinyakyusa. "Mama Swalehe! Si umekufa wewe?"

"Nani amesema?"

"Mumeo ameandika! Mtu amekufa na mbegu ya pichesi mkononi?"

Kabla sijajibu, nikasikia gari getini. Kirikuu, kile kigari cha mizigo. Wakashuka shehe na wanaume wa msikitini, makoleo mikononi, na nyuma ya kirikuu, wallahi sikuongezei chumvi, jeneza la msikiti limefunikwa kitambaa chake cha kijani. Sisi hatukawizi kuzika, unajua. Wakaja kwa adabu, vichwa chini, wananong'ona, "Poleni, poleni," wakampa mkono Baba Swalehe mmoja baada ya mwingine, naye kwa mshangao akawa anapokea tu. Wa mwisho akanipa mkono mimi. "Pole sana kwa msiba," akaniambia, akapiga hatua mbili, akasimama, akageuka taratibu.

Nikaomba simu. Ilikuwa imejaa innalillahi kutoka juu mpaka chini. Nikasogeza mpaka nikaufikia ule ujumbe wa mume wangu, nikausoma kwa sauti, kila mtu anasikia:

"Asalamu alaikum. Mama Swalehe amepumzika nyumbani leo asubuhi. Tunashukuru kwa dua zenu zote."

Wote wakamgeukia Baba Swalehe.

"Baba Swalehe," nikasema. "Mtu ambaye ameugua mwaka mzima, ukiandika amepumzika, watu waelewe nini?"

Akanitazama kwa unyoofu kabisa. "Si umepumzika?"

"Nimepumzika."

"Sasa?"

Mama Atu ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitoka tumboni, akakaa chini kwenye unga, akapiga mapaja. Shehe akajizuia, akajizuia, akavua kofia akajifunika uso, mabega yanaruka. Wengine walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikawatazama wale watu wote waliokuja mbio na makoleo na unga kwa ajili yangu, nikaona raha ambayo sijui kama kuna mtu hai ameshaipata. Nimeuona msiba wangu! Umejaa! Kwa nyuma kabisa kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo maziko hayapo?" Akapigwa kofi la kisogo. Shehe akaomba dua ya shukrani, watu wakapewa mapichesi, jeneza likarudishwa lilikotoka likiwa tupu.

Hapo ndipo nilipomwona Baba Swalehe ameshika simu, uso umembadilika.

"Mama Swalehe, kwenye lile kundi kuna yule mfanyabiashara wa mchele."

"Yupi?"

"Anayenunua Ubaruku. Kwa Mwanaidi."

Furaha yote ikaniganda. Nilimwona mdogo wangu pale kwenye mashine yake, mtu anamsomea simu. Nikamfikiria alivyomlilia mama. Nitakuficha nini? Shetani alininong'oneza, mwache aje, si alisema mwenyewe? Ukimwambia uko hai atarudi zake. Lakini kumwacha mtu njiani na msiba wa uongo kifuani, hapana. Nikampigia. Mara hii ikapokelewa. Nikasikia muziki wa kwenye basi, mlango unapigwa, kondakta anaita watu wa Chimala, njiani kuja huku, washuke.

"Mwana," nikasema. "Ni mimi. Dada yako. Niko hai."

Nikasikia pumzi. Kisha ukelele, halafu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani.

"Sasa ameshajua uko hai," Baba Swalehe akasema polepole.

Nilimwelewa. Mwanaidi hakuwa na maziko ya kuja. Alisema atakuja kuzika, na mtu mwenyewe hajafa, na magari ya kurudi Ubaruku pale Chimala hayakosekani. Nimekalia mabenchi mengi mwaka ule nikingoja dawa, nikingoja majibu, lakini hakuna benchi lililokuwa gumu kama ule mkeka. Mama Atu akanishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na umbea. Jua likahama, kivuli cha mpichesi kikahama, sisi tukahamisha mkeka. Pichesi nililopewa nililishika tu, sikuligusa na meno.

Alasiri imeingia, bodaboda ikasimama getini. Mwanaidi akashuka, baibui jeusi, macho yamevimba, kiroba cha mchele amekikumbatia kama mtoto. Akaja mpaka ukingoni mwa mkeka akasimama. Nikavua mtandio. Nilitaka anione nilivyo, na nywele zangu mpya fupi kama za kifaranga.

Akapiga magoti. Akaweka kiganja kwenye upande wangu wa kifua ulio tambarare, taratibu, kama mtu anayepima homa.

"Walikukata," akasema.

"Walinikata."

"Na upo."

"Nipo, Mwana. Nipo."

Akalia kwa hasira, ananipiga bega, upande usio na mshono, alikumbuka hata hilo. "Umenitia wazimu, Dada! Nimesikia sauti yako pale Chimala simu ikaniponyoka, ikapasuka. Nikashuka nikakaa chini kama mlevi. Gari la Ubaruku likasimama mbele yangu, konda ananiita, mama, unapanda? Nikamwambia mimi naenda Mbeya. Akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hakuna! Hakuna msiba! Nikawa napiga kelele hivyo barabarani, watu wananitazama." Akajifuta pua kwa baibui. "Lakini neno nililitoa, Dada. Nilisema nitakuja kukuzika. Linanichoma hapa. Kila siku linanichoma."

Niliingia ndani, nikalitoa kopo juu ya kabati, nikamwekea mapajani. Akafungua. Akatazama zile nywele, nyeusi, ndefu, za yule dada aliyemwacha mlangoni siku ile ya mvua, akaelewa bila kuambiwa.

"Basi nizike," nikasema.

Hakutaka jembe. Alichimba kwa mikono, kati ya waridi na nyanya, baibui limejaa vumbi, na Baba Swalehe akasogea kimya akamlainishia udongo kwa keni. Akaziweka zote. Akafukia. Kisha akasimama akakanyagia kwa kisigino, kwa fujo ileile ya utotoni, na nikamsikia anaimba chini chini.

Alipomaliza akakung'uta mikono, akanitazama pale nilipolala, akaokota kiroba chake.

"Haya, nimeshakuzika. Mchele nimekuja nao. Utaendelea kupumzika, au utainuka tupike?"

Nikainuka.